Tupeane uzoefu: wewe si mchungaji, uliingiaje kwenye umisheni?

Wapendwa, Bwana asifiwe. Jumapili ya umisheni tunaletewa mgeni, anaonesha picha, tunachanga, tunapiga makofi, basi hadi mwakani. Leo nawauliza wa viti vya nyuma: umeshirikije kazi hii bila kuacha kazi yako? Matendo 8 inasema mateso yalipoanza Yerusalemu, waliotawanyika wakihubiri ni waumini, mitume walibaki. Na waliowapelekea Wayunani neno kule Antiokia (sura ya 11) hata majina yao hatuyajui. Vyeo pembeni, tupeni yaliyowakuta.

Nesi wa Zamu
Wodini sihubiri. Mgonjwa yuko kitandani, hana pa kukimbilia, kumbana si haki. Ila kulikuwa na mzee asiyetembelewa na mtu. Kila nikimgeuza na kumbadilishia shuka ananiomba radhi. Usiku mmoja akauliza, "Binti yangu, mbona hunichoki?" Nikamwambia nachoka, babu, tena sana, ndiyo maana naomba kabla ya kuingia zamu. Akasema, "Basi niombee na mimi." Tukaomba kwa kunong'ona, mgonjwa wa jirani asiamke. Kuanzia hapo akawa ananidai ombi lake kama dawa, nikichelewa, ananuna.

Mhasibu Mstaafu
Nilimfuata mmisionari mmoja baada ya ibada, nikamuuliza kinachomsumbua zaidi. Nilijiandaa kusikia habari za mapepo. Akasema: risiti! Wanaomtegemeza wanataka ripoti, yeye ana mfuko wa karatasi zilizokunjamana. Sasa anazipiga picha kwa simu, mimi naziingiza kwenye vitabu, ripoti inatoka kwa wakati. Wafilipi walimpelekea Paulo msaada hata alipokuwa Thesalonike, wala si mara moja. Naamini kati yao kuna aliyekuwa anahesabu.

Cherehani
Niliomba kwenda na timu ya uinjilisti, nikaulizwa cheti cha chuo cha Biblia. Sina. William Carey, mmisionari Mwingereza aliyekwenda India mwaka 1793, alianza maisha kama fundi viatu. Wamisionari wawili wa Kanisa la Moravian waliotangulia kwenda visiwa vya Karibi mwaka 1732, mmoja mfinyanzi, mwingine seremala. Akila na Prisila, washona mahema, ndio waliomweleza Apolo njia ya Mungu kwa usahihi zaidi, na Apolo alikuwa msomi! Sikubishana na kamati. Nafundisha kushona kina mama wakimbizi, nyumbani kwangu. Tukishamaliza somo nasimulia habari moja ya Yesu. Asiyetaka kusikiliza anachukua kitambaa chake anaondoka, na kesho nampokea vilevile.

Usukani
Na sisi madereva wa masafa marefu? Jumapili nyingi niko barabarani.

Mleta mada
Ndugu Usukani, una saa nyingi za kuomba kuliko sisi wote. Chagua mmisionari mmoja, mpigie ukiwa umeegesha, muulize wiki hii ana nini: mtoto anaumwa, gari bovu, lugha inamshinda. "Bwana wabariki wamisionari wote duniani" ni ombi la mtu anayewahi chakula. Wiki ijayo mpigie tena, uulize limeishaje.

Usukani
Hilo naliweza. Ila utingo wangu ni wa imani nyingine, tunalala gari moja. Nianzie wapi?

Cherehani
Posho yake unampa kwa wakati?

Usukani
Mmh. Si kila safari.

Cherehani
Anzia hapo, kaka.