Ziara ipi ya Unguja inafaa familia kwa siku mbili?

MamaWawili: Ndugu zangu, salaam. Tutakuwa Unguja siku mbili tu, pamoja na watoto wa miaka sita na kumi na mama mkwe anayesumbuliwa na magoti. Je, tuchague kutembea Mji Mkongwe, mashamba ya viungo, au boti ya kwenda kisiwa cha Changuu?

Mkaazi wa Malindi: Karibuni sana, dada. Mji Mkongwe msiukose, ila tokeni asubuhi kabla jua halijawa kali, na mchukue mwongozaji wenu wenyewe badala ya kujiunga na kundi, ili mama aweze kuketi barazani kila anapochoka, kwa kuwa vichochoro vingi havipitiki kwa gari. Kule Mkunazini, kanisa la Anglikana limejengwa palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Vyumba vya chini vina giza na dari fupi, kwa hiyo mzungumzeni na yule mdogo kabla ya kuingia.

BabaAsha: Kobe wakubwa wa Changuu, ambao asili yao ni Aldabra huko Shelisheli, huwafurahisha watoto mno, hata hivyo, mara nyingi boti hupandwa kwa kukanyaga maji ufukoni, jambo ambalo ni gumu kwa magoti ya mama. Mimi ningechagua viungo: gari huwafikisha shambani, kuna kivuli, na watoto hujipaka wekundu wa mbegu za mzingifuri.

MamaWawili: Ahsanteni. Basi ni Mji Mkongwe na viungo.

Mkaazi wa Malindi: Vyema. Kabla ya kulipa, ulizeni kama viingilio vimo ndani ya bei.