Dodoma hadi baharini na kurudi siku hiyo hiyo, bila gari: familia ya watu watano inawezekana?

mama_watatu_dom

Wakuu habari za leo. Tupo Dodoma mjini, watu wazima wawili na watoto watatu: miaka 10, 6 na 3. Gari hatuna. Nataka Jumamosi moja ya likizo watoto waione bahari, wacheze mchangani, wale, halafu turudi kulala nyumbani, maana lodge ndiyo inayovuruga bajeti. Mfukoni isizidi 350,000 kwa kila kitu. Naomba kujua: treni ya SGR, ile ya reli mpya ya umeme, inaruhusu ratiba hiyo kweli? Ufukwe gani unafikika kwa usafiri wa umma? Na kitu gani huwa kinaharibu safari ya namna hii? Naomba majibu yenye hesabu, siyo "nendeni tu mtafurahia".

RelinaChuma

Inawezekana, ila ni safari ya kupanga.

Anza na nauli. Kwa treni ya kawaida, nauli iliyotangazwa na LATRA (mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa nchi kavu) mwaka 2024 kati ya Dodoma na Dar ni 31,000 kwa mtu mzima. Mtoto wa miaka 4 hadi 12 hulipa nusu, yaani 15,500. Chini ya miaka 4 ni bure, lakini huyo anapakatwa. Kwa hiyo watu wazima wawili kwenda na kurudi ni 124,000, watoto wawili wakubwa 62,000, jumla 186,000. Treni za haraka ni ghali zaidi na kwa safari hii haziwasaidii sana, mnaokoa muda kidogo tu. Zitazameni pale ambapo treni ya kawaida haipo kwenye saa mnazotaka.

Muda: hesabu saa nne kila upande. Ndiyo maana safari ya siku moja inasimama au inaanguka kwenye jambo moja, nalo ni treni mnayopanda asubuhi. Mkiingia Dar kabla ya saa 5 asubuhi na ya kurudi ikaondoka jioni, mna saa tano au sita za kukaa ufukweni. Mkipata ya asubuhi iliyochelewa, mnabaki na saa tatu tu, na nusu ya hizo saa tatu mnaila barabarani. Hapo bora kuahirisha. Ratiba hubadilika, kwa hiyo usitegemee picha ya ratiba inayozunguka WhatsApp. Fungua mfumo wa tiketi wa TRC (Shirika la Reli), weka tarehe yako, angalia kwenda NA kurudi kabla ya kulipa chochote.

Hapo ndipo watu hukosea: wanalipia ya kwenda, kesho yake wanatafuta ya kurudi, imejaa. Chukua zote kwa mkao mmoja. Mfumo ukikupa namba ya malipo, lipa muda huo huo kwa simu. Ukiiacha inaisha muda wake na viti vinarudi sokoni. Majina yaandikwe kama yalivyo kwenye kitambulisho, na kwa watoto beba nakala za vyeti vya kuzaliwa ili nusu nauli isilete mjadala getini.

Jambo la pili ni saa. Tiketi inaandika kwa mtindo wa saa 24. 05:00 ni saa 11 alfajiri, 17:00 ni saa 11 jioni. Usicheke, kuna watu wanaachwa kwa hili.

Siku ya kusafiri umeichagua vizuri. Ijumaa jioni Dodoma inahamia Dar, hasa Bunge likiwa linakaa, na Jumapili jioni Dar inarudi Dodoma. Ukienda na kurudi Jumamosi uko nje ya mikondo yote miwili.

bajaji_area_d

Naongezea ya huku kwetu. Stesheni ya Samia, yaani ya SGR hapa Dodoma, haipo katikati ya mji, na alfajiri daladala hazijachanganya. Panga bajaji tangu jioni, mpatane bei kwenda, na umwambie dereva muda wa kukufuata usiku mkirudi. Watu watano na begi moja bajaji inawabeba kwa kubanana, na beseni la chakula msahau. Tenga 20,000 kwa kwenda na kurudi, ikibaki ni bahati yenu. Fikeni mapema, kuna ukaguzi wa mizigo na milango hufungwa kabla ya treni kuondoka. Treni haimsubiri mtu aliyesimama nje na tiketi mkononi.

Mtu wa Mjimwema

Dada, wenzangu wamekupa treni, mimi nikupe bahari, kwa sababu watu wa bara huwa mnaisahau: bahari nayo ina ratiba yake. Unaweza kufika saa 5 asubuhi na watoto watatu ukakuta maji yamekwenda huko mbali, mbele yako ni matope, mawe na majani ya bahari. Au ukafika maji yamejaa mpaka ukutani, mchanga wa kuchezea hakuna.

Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kutoka kujaa hadi kupwa ni saa sita na dakika chache. Kila siku muda husogea mbele kwa wastani wa dakika 50. Kwa Dar kuna kanuni ya wavuvi isiyohitaji intaneti: tazama mwezi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ni bamvua. Siku hizo maji hupwa karibu na saa 4 asubuhi na kujaa karibu na saa 10 jioni, na tofauti ya juu na chini hupita mita tatu. Mwezi ukiwa nusu, yaani kama tarehe 7 au 8 na 21 au 22 za mwezi wa Kiislamu, ni maji mafu: yanajaa karibu na saa 4 asubuhi, yanapwa jioni, na hayaendi mbali.

Kwa familia inayofika saa 5 na kuondoka saa 10, siku nzuri ni tarehe 9 hadi 12 au 24 hadi 27 za mwezi wa Kiislamu. Maji yanakuwa yamejaa kati ya saa 6 na saa 8 mchana, hivyo mnaoga yakiwa yanakuja na mnamaliza yanapoanza kurudi. Kalenda yoyote ya msikitini itakupa tarehe. Ukishapata Jumamosi mbili tatu zinazofaa, hakikisha kwenye jedwali la maji la Dar es Salaam, lipo kwenye simu bure. Kisha ndipo uende kwenye tiketi. Wengi hufanya kinyume.

Ufukwe. Coco Beach, upande wa Oysterbay, ni bure, na mnaruhusiwa kuja na chakula chenu. Mihogo ya kukaanga, kachumbari, madafu vyote vipo. Lakini chini kuna mwamba wenye makali, na maji yakijaa mawimbi hupiga vibaya. Kwa mtoto wa miaka 3 na wa 6 ambao hawajawahi kuona bahari, mimi nisingechagua kuogelea pale. Ni pahala pa kukaa na kula.

Nendeni Kigamboni. Mchanga ni mwingi na mteremko wake ni wa taratibu. Kutoka stesheni ya SGR hadi Feri, pale panapopandwa pantoni (kivuko) ya Kigamboni, siyo mbali. Mkiwa hamna mzigo mnatembea kwa kufuata Sokoine Drive, chini ya nusu saa kwa mwendo wa mtoto, au mnaingia mwendokasi (basi la haraka) ya Kivukoni kituo cha Posta ya Zamani, kwani kituo chake cha mwisho ni hapo hapo kwenye pantoni. Pantoni ni shilingi 200 kwa mtu, mnalipa kwa kadi ya N-Card. Kadi moja inatosha kuwapitisha wote, gusa mara nne. Upande wa pili kuna bajaji na daladala. Mikadi ni karibu, kilomita mbili hivi. Fukwe za Mjimwema ziko mbele zaidi, ni tulivu kidogo, na daladala zinafika kijijini halafu mnamalizia kwa miguu au bajaji.

Fukwe nyingi za Kigamboni zina kiingilio, na mwishoni mwa wiki hupanda. Kabla ya kulipa uliza maswali mawili: kiingilio kinarudi kwenye chakula au kinywaji? Chakula cha nje kinaruhusiwa? Sehemu yenye kiingilio kikubwa kinachorudi kwenye chakula inaweza kuwa nafuu kuliko yenye kiingilio kidogo na sahani ya chipsi kuku inayouzwa kwa bei ya hoteli.

RelinaChuma

Mtu wa Mjimwema kamaliza. Nauliza tu ya kurudi, foleni ya pantoni jioni ya Jumamosi inakuwaje? Maana huko ndiko treni inakoachwa.

Mtu wa Mjimwema

Swali zuri mkuu. Abiria wa miguu hawangoji kama magari, lakini pantoni moja ikiwa kwenye matengenezo msongamano unakuwa mkubwa na watoto wanabanwa. Toka ufukweni saa mbili na nusu kabla ya treni. Nusu saa kufika Feri ya Kigamboni, nusu saa ya kungoja na kuvuka, nusu saa hadi stesheni, na saa nzima ya akiba na ukaguzi. Ukifika Feri ukakuta umati umejaa hadi nje ya geti, usisimame kusikitika, rudi barabarani mtafute gari la kukodi lipitie Daraja la Nyerere. Tenga 30,000 ya dharura hiyo na usiiguse kwa ajili ya aiskrimu.

Nesi_Makole

Upande wa afya, kwa kifupi ila msipuuze.

Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni kavu. Dar kuna joto la unyevu, jasho halikauki, na mtoto anaishiwa maji huku anacheka. Kila mtoto awe na chupa yake, anywe hata kama hajaomba. Maji ya bahari yakimezwa kwa wingi husababisha kutapika, kwa hiyo wale kidogo kabla ya kuingia majini, siyo sahani nzima ya ubwabwa.

Jua la saa 6 hadi saa 9 linachoma hata ngozi nyeusi. Fulana ya mikono mirefu inasaidia sana kuwakinga. Ikilowa ibadilishwe kabla ya kupanda treni. Ndani ya behewa kuna kiyoyozi, na mtoto mwenye nguo mbichi kwa saa nne atatetemeka kwa baridi. Weka sweta kwenye begi, ndiyo, sweta ya kwenda Dar.

Wavae ndala za kufungwa nyuma au raba kuukuu majini. Kuna wale wadudu wa miiba mirefu myeusi kwenye mawe, mwiba wake hukatikia ndani ya unyayo. Mwiba huo ukimchoma mtoto, loweka mguu kwenye maji ya moto anayoweza kuyavumilia, toa unaoonekana, usichimbe kwa pini. Konyeza, yule mnyama laini kama jeli anayewasha, akimgusa, suuza kwa maji ya bahari, siyo ya bomba, wala usisugue kwa mchanga.

Na mtu mzima mmoja asiyeshika simu awe na kazi moja tu: kuwatazama walio majini. Boya la kupuliza si kinga. Upepo ukitoka nchi kavu au maji yakianza kupwa, boya linamsafirisha mtoto haraka kuliko unavyokimbia.

Na kama kuna anayeogopa kichocho: hicho ni cha maji yasiyo ya chumvi kama mabwawa, baharini hakipo.

mama_watatu_dom

Asanteni sana, nimeshaanza kuangalia kalenda. Chakula je? Nikipika usiku kikakaa mpaka mchana wa Dar hakitachacha? Na watoto wanataka kurudi na samaki.

Shoga wa Feri

Chochote chenye nazi au nyanya mbichi kiache nyumbani, kwa joto lile kinachacha kabla ya saa 7. Beba chapati, mayai ya kuchemsha yasiyomenywa, karanga, viazi vya kukaanga vikavu, na zabibu za hapo Dodoma ambazo Dar utazikuta kwa bei ya juu. Chakula kilichopikwa kifungwe kikiwa kimepoa kabisa. Ukikifunika cha moto mvuke unakigeuza.

Mlo wa moto kula soko la samaki Feri, wakati wa kwenda au wakati wa kurudi, liko njiani kwenu. Kuna eneo la wakaangaji. Unachagua vipande vilivyokwisha kukaangwa, unapatana, unaongeza ndimu na pilipili. Samaki wa kukaangwa awe wa moto au akaangwe tena mbele yako, usichukue aliyekaa juani na nzi. Dagaa ndio nafuu ya familia, changu na nguru hupanda bei mwisho wa wiki.

Wa kurudi nao, mbichi sahau: maji yake yatavuja na harufu itawafukuza abiria. Chukua waliokaangwa wakakauka kabisa, wafungwe karatasi kwanza halafu ndoo yenye mfuniko. Mfuko wa plastiki peke yake unawalainisha. Hata hivyo ulizia getini kabla, usije ukawaacha kwa mlinzi.

RelinaChuma

Hesabu ya mwisho basi, dada: treni 186,000, bajaji za Dodoma 20,000, pantoni 1,600 kwa watu wanne kwenda na kurudi, mwendokasi na bajaji za Kigamboni 20,000, kiingilio na chakula 60,000, dharura 30,000. Jumla 317,600. Ukitembea kwa miguu kutoka stesheni hadi Feri na chakula kikatoka nyumbani, unashuka chini ya 290,000. Epuka Machi hadi Mei kwa sababu ya masika, na epuka Idi, Krismasi na Mwaka Mpya, siku hizo fukwe za Dar hazina hata pa kutandika kanga.