Eka 4 za bei chee karibu na Mto Mbalageti: nichukue?

Mkulima wa Nyegezi: Wakuu, habari za asubuhi. Jumamosi dalali kanipeleka kuona shamba upande wa Lamadi. Udongo mweusi, mto hauko mbali, barabara ya Mwanza–Musoma unaifikia kwa bodaboda. Bei ni nusu ya nilikoulizia kwingine. Nataka mahindi na matikiti. Shida, katikati ya shamba kuna njia imekanyagwa ikawa ngumu kama sakafu, na mgunga wa pembeni umebanduliwa magome. Dalali anasema ni ng'ombe. Ng'ombe gani anabandua magome juu ya kichwa changu?

Mzawa wa Bunda: Kaka, hiyo ni njia ya tembo. Kiangazi maji yakipungua Serengeti wanaufuata Mbalageti kushuka Ghuba ya Speke, Ziwa Victoria. Anayeongoza kundi ni jike mzee, na njia kaionyeshwa na waliomtangulia. Hati yako haimhusu. Tikiti likianza kuiva tu, usingizi umekwisha. Sisi tunakesha na tochi na madebe. Mwanzo walikuwa wanakimbia, siku hizi anasimama anakutazama.

Ngosha1: Piga uzio wa umeme, mchezo umekwisha.

Mzawa wa Bunda: Na hao tembo wapite wapi? Ukiziba ushoroba, yaani hiyo njia yao, wanahamia kwa jirani yako, kwenye ghala lake. Halafu jirani ndiye utakayeishi naye.

Mama Sangara: Mdogo wangu, kabla hujatoa hata shilingi, nenda ofisi ya kijiji uoneshwe mpango wa matumizi ya ardhi. Waulize wazee wanaolima hapo, dalali muache. Tena pima kutoka ukingo wa mto: sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60.

Bwana Shamba Mstaafu: Ukikomaa kununua, sahau matikiti. Lima pilipili, tembo haigusi. Mizinga ya nyuki nayo inasaidia: unaitundika kwenye waya kuzunguka shamba, tembo akisukuma waya mizinga inatikisika, nyuki wanatoka. Ila mizinga iwe na nyuki kweli, nimeona watu wanatundika mitupu. Kifuta jasho cha serikali kwa walioharibiwa mazao na wanyamapori usikiweke kwenye hesabu, hakifikii hasara.

Mkulima wa Nyegezi: Asanteni sana. Nimempigia dalali nikamtajia tembo. Kanyamaza kidogo, kisha kasema mwenye shamba yuko tayari kupunguza laki mbili.