MREJESHO: Ng'ombe wa majani kwenye ekari tatu, Mufindi

Wakuu, heshima kwenu. Niliomba ushauri nifanyeje ng'ombe wangu wasikonde kiangazi, maana eneo ni dogo na nataka wale majani, si pumba za kununua. Wengi mlisema nigawe malisho vipande, nipande brachiaria (nyasi za malisho) na desmodiamu (mmea wa jamii ya kunde). Nimefanya hivyo.

Brachiaria imeshika vizuri sana. Asili yake ni hapahapa Afrika, ila aina chotara kama Mulato zilizalishwa Colombia ndipo zikarudi kwetu, jambo linalonifurahisha mno. Desmodiamu inatambaa katikati, inarutubisha udongo kwa naitrojeni, tena haivimbishi tumbo kama lusini (alfalfa) mbichi.

Kilichosaidia zaidi ni kuwahamisha mapema. Nyasi zikibaki kimo cha kiganja, nawatoa, nafunga uzio, kipande kinapumzika mpaka kichipue vya kutosha. Udongo hauachwi wazi, kwa hiyo mvua ikinyesha maji yanazama badala ya kukimbilia bondeni. Ukigeuza kinyesi kwa fimbo unakuta mbawakawa wa kinyesi wameshatoboa mashimo chini yake, samadi inaingia ardhini bila mimi kubeba toroli.

Maziwa yameongezeka kidogo tu, nisiwadanganye. Ila mbavu hazihesabiki tena, na manyoya yanang'aa. Kupe bado wapo, kuogesha naendelea.

Mzee uliyenisisitizia desmodiamu, Mungu akubariki. Sasa najiandaa kukata hei (majani ya kukausha na kuweka akiba) kabla nyasi hazijatoa mbegu. Mwenye vipimo vya boksi la mbao la kufungia marobota, naomba anisaidie.