Kingamwili hasi, kope bado zinalegea: tuondoe miasthenia?

tabibu_zamu: Wakuu, mgonjwa mtu mzima, kope hulegea na huona viwili viwili kila jioni, akipumzika hupata nafuu. Kingamwili dhidi ya vipokezi vya asetilikolini (kemikali inayopeleka ujumbe wa neva kwa misuli) ni hasi. Tuondoe miasthenia gravis (ugonjwa ambamo kinga ya mwili huvuruga mawasiliano ya neva na misuli) kwenye orodha ya magonjwa tunayoyashuku?

neva_kliniki: Hapana! Kipimo hicho hukamata takriban 85% ya wenye ugonjwa wa mwili mzima, lakini kwa walioathirika macho pekee ni karibu nusu tu. Agiza kipimo cha kingamwili za MuSK (protini nyingine ya misuli inayoshambuliwa), hasa kama kumeza na kuongea kunasumbua. Mnapongoja majibu, weka barafu iliyofungwa kitambaani juu ya jicho lililofumbwa kwa dakika 2. Kope ikinyanyuka angalau milimita 2, shaka inaongezeka. Kama kuna mashine ya neva, chochea neva kwa 3 Hz (mara 3 kwa sekunde): mwitikio wa msuli ukishuka zaidi ya 10%, ni ushahidi mzuri. Pyridostigmine (dawa ya ugonjwa huu) husimamishwa kwa muda wa saa 12 kabla ya kipimo hicho cha neva, ila kama kupumua au kumeza ni shida, usithubutu kuisimamisha.

maabara_seramu: Damu ya kipimo itolewe kabla ya tiba ya imunoglobulini ya mshipani (kingamwili za wachangiaji) au kubadilisha plazima (majimaji ya damu), la sivyo majibu yatapotosha. Uliza pia njia iliyotumika kupima. Ile ya seli zenye vipokezi vilivyosongamana hugundua baadhi ya walioonekana hasi. Bado hasi? Rudia baada ya miezi 6 hadi 12.

neva_kliniki: Kingamwili za vipokezi zikirudi chanya, piga CT ya kifua kutafuta thaimoma (uvimbe wa tezi ya thaimasi kifuani). Na msipime ukali wa ugonjwa kwa wingi wa kingamwili. Mwenye kiwango kidogo anaweza kuishiwa pumzi.