Klasiki bila Kilatini cha shule: Oxford Course II, Cambridge ya miaka minne, Uskoti, Ujerumani au Zomba? (Ulinganisho)

Mvuja_Wino:
Wakuu, naomba ulinganisho wa maana. Mwombaji ana HKL (Historia, Kiswahili, Kiingereza) ya form six, alama nzuri, hajawahi kusoma Kilatini wala Kigiriki. Anataka digrii ya klasiki, yaani kusoma Kilatini na Kigiriki cha kale zenyewe, si historia ya Roma kwa tafsiri. Aombe wapi, na wapi atapoteza muda?

Ngeli_ya_Tano:
Kwanza tenganisha vyuo viwili ambavyo watu huvichanganya. Oxford ina kozi moja ya miaka minne, msimbo Q800, yenye milango miwili. Course I ni ya waliofika na Kilatini au Kigiriki cha kiwango cha A-level, Course II ni ya wasio nacho. Kwenye Course II unachagua lugha moja ya kuanzia, nayo inakaba ratiba yako mpaka Mods, mtihani mkubwa ambao umekuwa ukija baada ya mihula mitano. Ya pili unaweza kuiongeza baadaye, au usiiongeze kabisa.

Cambridge inagawa kwa misimbo. Q800 ni miaka mitatu, ya wenye lugha tayari. Q801 ni miaka minne, ya wanaoanza. Mwaka wa kwanza wa Q801 ni Kilatini kwa sehemu kubwa, Kigiriki kinafuata. Anayetaka lugha zote mbili bila kujadiliana na mtu, Q801 inampa hivyo kwa mpango wake wenyewe.

Kosa la kila mwaka: mtu asiye na Kilatini anajaza Q800 ya Cambridge kwa sababu ameona msimbo huohuo kwenye ukurasa wa Oxford. Herufi na tarakimu ni zilezile, kozi ni nyingine.

Na huwezi kuomba Oxford na Cambridge mwaka mmoja. UCAS, mfumo wa Uingereza wa kuomba vyuo, inakupa nafasi tano, lakini kati ya vyuo hivyo viwili unachagua kimoja.

Bandari_Salama:
Ongezea saa. Mwisho wa kuomba Oxford na Cambridge ni 15 Oktoba, saa 12 jioni ya Uingereza. Mwezi huo wenzetu bado wako kwenye saa za kiangazi, kwa hiyo Dar, Nairobi na Kampala ni saa 2 usiku. Desemba, wakati wa usaili, tofauti inakuwa saa tatu. Usaili ulioandikwa 10:00 ni saa 7 mchana kwetu, si saa 4. Umeme na bando viandaliwe mapema, na uwe na simu ya pili yenye laini ya mtandao mwingine.

Vyuo vingine vingi vina tarehe ya Januari, ila insha za kuambatanisha na barua ya mwalimu hazisubiri. Oxford na Cambridge huomba kazi za shule zilizosahihishwa na mwalimu. Shule nyingi hazirudishi insha zilizosahihishwa, kwa hiyo ziombwe kuanzia Agosti.

Rhapta:
Maelezo binafsi ya UCAS sasa ni maswali matatu: kwa nini kozi hii, masomo yako yamekuandaa vipi, na umefanya nini nje ya darasa. Jumla herufi 4,000, nafasi zikihesabiwa, na kila jibu lisipungue 350. Waombaji wengi wa kwetu hula herufi 2,500 kwenye swali la kwanza wakisifia "ustaarabu wa kale". Punguza. Uzito uwe kwenye swali la pili.

Cha kuandika kipo mlangoni. Periplus ya Bahari ya Erythraea ni maandishi ya Kigiriki ya karne ya 1, na aya ya 16 inataja Rhapta, soko la mwisho la Azania, yaani pwani yetu ya Afrika Mashariki. Jina lenyewe limetokana na vyombo vya majini vya kushonwa, ndugu wa mtepe. Lakini usiishie kusema "pwani yetu imetajwa". Uliza swali: mwandishi anataja pembe za ndovu na magamba ya kasa, anataja machifu wa kila soko. Je, hiyo ni orodha ya mfanyabiashara au maelezo ya msafiri? Msaili ataanzia hapo, na utakuwa na la kujibu.

Ngeli_ya_Tano:
Sasa mtihani, kwa sababu ndipo watu wanapoangukia. Kwa Course II, Oxford imekuwa ikipima kipaji cha lugha: unapewa sentensi za lugha usiyoijua pamoja na tafsiri, unachambua kanuni mwenyewe. (Mpangilio wa mitihani yao hubadilika, soma ukurasa wa mwaka wako.) Mfano wa kubuni:

pako tirun sela = mkulima anamwona mbwa
tiru pakon sela = mbwa anamwona mkulima

Sasa tafsiri: *pakon tiru sela*. Wengi wataandika "mkulima anamwona mbwa" kwa sababu mkulima ametangulia. Kosa. Ile -n ndiyo inayomtambulisha anayeonwa, popote akae. Jibu: mbwa anamwona mkulima.

Msemaji wa Kiswahili ana faida kubwa na mtego mmoja. Faida: tumezoea kupasua neno. Mtu anayeona a-taka-ye-tu-pik-i-a bila kuhangaika hatashtushwa na kitenzi cha Kigiriki. Mtego: kwenye "mbwa amemng'ata mtoto", a- na -m- zinafaa wote wawili, kwa hiyo mpangilio ndio unaoamua nani kang'atwa. Kilatini hakiko hivyo. *Filium mater vocat*: mama anamwita mwana. Ukisoma kwa mpangilio wetu umegeuza familia. Dawa: kabla ya kutafsiri, pigia mstari miisho ya majina yote, ndipo utafute kitenzi. Sentensi kumi kila siku kwa wiki sita hubadilisha mtu.

Kobe_wa_Azania:
Mnaongelea Oxford kana kwamba ada hailipwi. Kwa wa nje ni zaidi ya pauni 35,000 kwa mwaka, bado kula na kulala. Cambridge wa nje hutozwa ada ya chuo kikuu na ya koleji, mbili tofauti. Ufadhili wa Reach Oxford upo kwa nchi za kipato cha chini, lakini nafasi ni chache mno, na lazima kwanza uombe kozi kwa njia ya kawaida.

Edinburgh na St Andrews wanapokea waanzaji, miaka minne, na miaka miwili ya mwanzo inakuruhusu kubeba somo lingine. Asiye na hakika aanzie huko.

Ujerumani vyuo vingi vya umma havina karo. Baden-Württemberg, yaani Heidelberg, Freiburg na Tübingen, hutoza wasio wa Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Hesabu halisi ni hii: uni-assist (ofisi inayopokea maombi kwa niaba ya vyuo) euro 75 ya ombi la kwanza na 30 kwa kila la nyongeza, akaunti iliyofungiwa (fedha za kujikimu zinazotakiwa kwa viza) euro 11,904 za mwaka, na mtihani wa Kijerumani, DSH-2 au TestDaF 4 kwa kila stadi. Mwisho kwa vyuo vingi ni 15 Julai. Cheti chako kitafute kwenye anabin, hifadhidata ya Ujerumani ya kutambua vyeti vya nje, kabla ya kulipa chochote, huenda ukatakiwa kupita Studienkolleg (masomo ya maandalizi ya chuo).

Rhapta:
@Kobe_wa_Azania Kijerumani kutoka sifuri pamoja na Kilatini kutoka sifuri? Hiyo ni miaka miwili kabla ya kuanza.

Kobe_wa_Azania:
Ndiyo. Miaka miwili bila deni la pauni laki moja na ushee.

Mwalimu_wa_Ziwa:
Kwa Wakenya: KCSE peke yake vyuo vingi vya Uingereza huihesabu kiwango cha O-level. Utahitaji A-level, IB au mwaka wa msingi. Form six ya Tanzania husomwa tofauti kati ya chuo na chuo, andikia ofisi ya udahili ukitaja tahasusi na alama.

Na msiruke Afrika. Chuo Kikuu cha Malawi, Zomba, kinafundisha klasiki, vilevile Legon (Ghana) na Ibadan (Nigeria). Anayetaka kusoma Kigiriki kwanza kisha kuhamia Ulaya kwa shahada ya uzamili, gharama yake haifanani kabisa.

Mvuja_Wino:
Je, kama anachotaka hasa ni Kiakadi (lugha ya kale ya Mesopotamia) au Kimisri cha kale, si Kilatini?

Ngeli_ya_Tano:
Basi asiguse klasiki. Cambridge hufundisha Kiakadi, Kisumeri na Kimisri ndani ya Akiolojia, Oxford ina kozi yake ya Misri na Mashariki ya Karibu ya Kale. Ge'ez, lugha ya kale ya Ethiopia, ni Hamburg au Toronto. Abadilishe msimbo kabla ya kugusa maelezo binafsi, maana maelezo ya klasiki yakipelekwa kwa msomaji wa Kiakadi hayasaidii kitu.