Watoto wa Malkia

*Kikundi: Majirani Kimanga*

Baba Salum: Habari za jioni majirani. Mama Neema, nikija kesho kumchukua yule mtoto wa mbwa mwenye doa kifuani nitakukuta? Mnyororo nimeshanunua.

Mama Neema: Nzuri Baba Salum. Utanikuta, ila kumchukua bado. Leo ndiyo wametimiza wiki 5. Tulisema wiki 8.

Baba Salum: Si wanakula wenyewe? Juzi nimewaona wameingia miguu yote ndani ya sinia la uji.

Mama Neema: Wanakula, uji wa dona na dagaa wa kusaga, tangu wiki ya 4. Ila kuna jambo zaidi ya kula. Jana naosha vyombo uani, huyo wako kamng'ata ndugu yake sikio, kamng'ang'ania. Mwenzake kapiga ukelele, kajitoa, kaenda kulala nyuma ya ndoo. Wako kabaki kasimama peke yake, hana wa kucheza naye. Baadaye kamfuata taratibu, safari hii anamshika sikio kama anashika yai. Akiondoka sasa hivi, somo hilo atalimalizia kwenye mkono wa Salum.

Dada wa Saluni: 😳 Kumbe!

Mama Neema: Na mama yao Malkia naye anawafundisha. Wakimvuta chuchu na hivyo vimeno, anaunguruma, anainuka. Wanatulia wote.

Bibi wa Kona: Mwanangu, mimi nina swala, wasinifikie uani.

Mama Neema: Shikamoo Bibi. Upenyo wa ukuta nimeuziba kwa mbao tangu asubuhi.

Bibi wa Kona: Marahaba, Mungu akuzidishie. Huyo mama yao lakini mbavu zinahesabika. Nina vichwa vya samaki hapa.

Mama Neema: Ahsante sana Bibi. Anayenyonyesha anakula mara 2 hata 3 ya kawaida yake. Nitakuja kuvichukua, nitoe miba kwanza.

Dada wa Saluni: Na mimi nilete maziwa ya ng'ombe?

Mama Neema: Hapana mdogo wangu, yanawaharisha. Lete mapupu tuchemshe.

Mjumbe: Mama Neema, dawa na chanjo vipi? Mbwa wa mtaani wameshakuwa wengi.

Mama Neema: Minyoo wamekunywa dawa wiki ya 2 na ya 4. Wiki ijayo wanakunywa tena, na daktari wa mifugo anakuja na chanjo ya kwanza. Ya kichaa cha mbwa ni wakifika miezi 3, watakuwa kwenu tayari, kwa hiyo kila anayechukua aniahidi humu humu mbele ya watu. Malkia akishaachisha nampeleka afungwe kizazi.

Mjumbe: Hapo sawa kabisa.

Mama Neema: Baba Salum, usinione mgumu. Mwaka juzi nilimtoa mmoja wa wiki 4 kwa kuona haya kukataa. Alilia usiku tatu, akaharisha, akafa. Na hawa ule usiku wa mvua kubwa hata macho walikuwa hawajafumbua, wamepoa kama mawe. Mtoto wa umri ule hajipashi joto mwenyewe. Nilikesha na chupa za maji ya moto nimezifunga kanga. Siwezi kuwapoteza sasa.

Baba Salum: Pole sana dada. Nimekuelewa. Basi Salum aje jioni jioni amzoee?

Mama Neema: Aje kila siku. Na aje na fulana yake kuukuu, niitandike kwenye boksi wanapolala na mama yao, ishike harufu yao. Siku ya kuondoka aende nayo.

Baba Salum: Anaitafuta sasa hivi 🙏